Roketi za Mto Luvua

Siku moja ya Dominika, baada ya Misa, tulikaa chini ya mwembe wa parokia yetu hapa Lubumbashi, wazee kwa vijana, tukingojea mkutano wa jumuiya. Vijana walikuwa wakitazama katika simu picha za roketi ya Wamarekani ikipaa. Mzee mmoja, mzaliwa wa kaskazini, upande wa mto Luvua, akainama akatazama pamoja nao. Kisha akasema polepole: «Hata kwetu zilipaa. Nilikuwa kijana. Tulisikia ngurumo wakati wa kiangazi, na mawingu hayakuwako.» Vijana wakacheka. Mmoja akamwambia: «Papa, hiyo ni hadithi ya jioni.» Mzee akanyamaza, akatazama fimbo yake.

Mimi nami nilinyamaza, kisha nikaona haya kwa kunyamaza kwangu, maana nilijua kwamba mzee anasema kweli. Ndiyo sababu naandika habari hizi. Roketi zilipaa kweli katika nchi yetu ya Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, miaka ya 1977 na 1978. Ni vibaya mtoto wa nchi kujua majina ya roketi zote za ng’ambo, na kumcheka baba yake anapotaja zile za kwao.

Lakini ili tuelewe mambo ya Luvua, yafaa kwanza tutazame jinsi wanadamu walivyojitayarisha kwa safari za anga. Jambo lile halikuanza siku moja.

Roketi ni kitu gani?

Mtoto akijaza hewa katika puto, kisha akaliachilia bila kulifunga mdomo, puto litaruka huku na huku. Hewa yatoka nyuma kwa nguvu, na puto lasukumwa mbele. Roketi ni vilevile. Mafuta yake huwaka ndani, moshi wa moto hutoka chini kwa nguvu nyingi, na chombo husukumwa juu. Ndege huhitaji hewa ya kushika mabawa yake na ya kuwashia mafuta yake. Roketi haihitaji, kwa sababu huchukua ndani yake mafuta pamoja na kile kinachoyawasha. Kwa hiyo yaweza kwenda hata mahali pasipo na hewa.

Shida iko katika mwendo. Ukitupa jiwe, huanguka karibu. Ukilitupa kwa nguvu zaidi, huanguka mbali. Kama ungeweza kulitupa kwa mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa, juu ya hewa ya dunia, lisingeanguka tena. Lingezunguka dunia kama mwezi. Mwendo huo ni karibu kilomita 8 kwa kila sekunde. Mtu angetoka Lubumbashi na kufika Likasi kwa sekunde 15 tu! Kupata mwendo wa namna hii ndiyo kazi iliyowasumbua wataalamu miaka mingi.

Waliotangulia

Mmoja wa kwanza kuipiga hesabu hiyo vema alikuwa mwalimu wa shule, Konstantin Tsiolkovsky, Mrusi wa mji wa Kaluga. Tangu utoto wake alikuwa na uziwi, akajifunza kwa kusoma vitabu. Mwaka 1903 alitangaza maandiko yake yaliyoonyesha kwamba roketi za mafuta ya maji zingeweza kumfikisha mtu angani. Yeye mwenyewe hakurusha roketi yoyote ya namna hiyo. Aliacha hesabu tu, na hesabu zilitosha kuwaonyesha wengine njia.

Katika Marekani alikuwako Robert Goddard. Tarehe 16 mwezi wa 3, 1926, aliwasha roketi yake ya mafuta ya maji katika shamba moja la Auburn, jimbo la Massachusetts. Ilipaa muda wa sekunde mbili na nusu, ikafika juu kama meta 12, ikaanguka katika shamba la kabichi. Meta 12! Mwembe mkubwa waweza kuipita. Hata hivyo, roketi zote kubwa za mafuta ya maji zilizokuja baadaye zimefuata njia iliyofunguliwa siku ile.

Wajerumani walikuja kuichukua kazi hiyo kwa ajili ya vita. Tarehe 3 mwezi wa 10, 1942, roketi yao iliyoitwa baadaye V-2 ilipaa mpaka juu ya kilomita 80, kutoka Peenemünde kando ya bahari. Tusiifiche habari yake mbaya: roketi zile zilitengenezwa na wafungwa ndani ya mapango ya mlima, na maelfu yao walikufa kwa njaa, kwa mapigo na kwa kuchoka. Kisha roketi hizo zikaangukia London na Antwerpen, zikaua watu wengi. Maarifa si mema wala mabaya yenyewe. Yafuata moyo wa mwenye kuyatumia.

Vita vilipokwisha, wataalamu wa roketi zile waligawanyika. Wengi walichukuliwa na Wamarekani, na kati yao alikuwako Wernher von Braun na mwenzake mmoja jina lake Kurt Debus. Msomaji alishike jina hili la Debus, maana tutalikuta tena kwetu Katanga.

Urusi ilikuwa na mtaalamu wake, Sergei Korolev, aliyewahi kufungwa na serikali yake mwenyewe na kupelekwa kazi ngumu katika baridi kali ya Kolyma. Mtu huyo ndiye aliyeongoza kazi ya kurusha setilaiti ya kwanza, Sputnik, tarehe 4 mwezi wa 10, 1957. Ilikuwa mpira wa chuma wenye kilo 83 na kitu, ikazunguka dunia kila dakika 96. Tarehe 12 mwezi wa 4, 1961, Yuri Gagarin akawa mtu wa kwanza kuzunguka dunia angani, na safari yake yote ilichukua dakika 108.

Wamarekani nao hawakulala. Walijaribu, wakashindwa, wakajaribu tena. Tarehe 27 mwezi wa 1, 1967, watu watatu, Grissom, White na Chaffee, waliungua ndani ya chombo chao kikiwa bado chini, wakati wa majaribio. Kazi ikasimama, chombo kikatengenezwa upya. Na tarehe 20 mwezi wa 7, 1969, Armstrong na Aldrin wakatua mwezini, huku Collins akiwazungukia juu. Mkuu wa kituo cha Kennedy, mahali roketi yao ilipopaa, alikuwa nani? Alikuwa yule Kurt Debus.

Mwezi wa 10 wa mwaka uleule wa 1969, watu hao watatu walizunguka nchi nyingi kusalimu mataifa, wakafika na Kinshasa. Wakongo wakawaona kwa macho watu waliotoka mwezini.

Jirani zetu na anga

Afrika haikukaa kutazama tu. Kusini ya mpaka wetu, Zambia ilipata uhuru wake tarehe 24 mwezi wa 10, 1964. Siku zilezile mwalimu mmoja, Edward Makuka Nkoloso, aliyekuwa askari katika vita vya pili na mpigania uhuru, alitangaza kwamba yeye na vijana wake watafika mwezini. Aliwazoeza karibu na Lusaka kwa kuwaviringisha mlimani ndani ya pipa la mafuta, ili wazoee kizunguzungu. Aliomba UNESCO pauni milioni 7, hakupewa. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakacheka sana. Wako watu hata leo wanaouliza kama Nkoloso alisema kwa kweli au kwa mzaha wa kuwapiga vijembe wakoloni. Sisi tuchukue jambo moja tu: tamaa ilikuwako, lakini viwanda, mafuta na wahandisi havikuwako.

Mashariki, katika pwani ya Kenya, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio walitaka kurusha setilaiti kutoka karibu na mstari wa ikweta. Kwa nini ikweta? Kwa sababu dunia yazunguka, na penye ikweta yazunguka kwa mwendo kupita mahali pengine pote, zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Roketi ikipaa kuelekea mashariki hupewa mwendo huo bure, kama mtu anayeruka kutoka katika gari linalokwenda.

Lakini tazama walivyojitayarisha. Kwanza walikwenda Marekani kujifunza, na tarehe 15 mwezi wa 12, 1964, wakarusha wao wenyewe setilaiti yao ya kwanza kutoka kule Virginia, kwa roketi ya Wamarekani. Walisimamisha pia majukwaa ya chuma baharini karibu na Malindi, mfano wa yale ya kuchimbia mafuta. Tarehe 26 mwezi wa 4, 1967, setilaiti ya kwanza ikapaa kutoka Malindi. Tarehe 12 mwezi wa 12, 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapaa setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya X itokayo kwenye nyota. Kwa kuwashukuru wenyeji, wakaiita Uhuru. Neno la Kiswahili likaandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote! Mpaka 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka majukwaa yale.

Kampuni ya Kijerumani yafika Shaba

Sasa turudi kwetu. Katika Ujerumani ya Magharibi alikuwako mhandisi kijana, Lutz Kayser, mzaliwa wa 1939. Alisema hivi: roketi za serikali kubwa ni ghali mno, kwa sababu kila moja hutengenezwa kama saa ya dhahabu. Mbona tusizitengeneze kama magari, kwa vyombo rahisi vinavyofanana? Akaunda kampuni iliyoitwa OTRAG, na mamia ya Wajerumani wenye mali wakaitia fedha zao. Na nani akaja kuwa mwenyekiti wa baraza lake? Kurt Debus, aliyekuwa amestaafu kazi yake ya kituo cha Kennedy mwaka 1974. Hivyo mkono uleule uliosimamia safari za mwezini uligusa na mambo ya Luvua.

Ujerumani haikuweza kuwa mahali pa majaribio. Nchi ile ni ndogo, watu wamejaa, na baada ya vita mataifa yalikuwa yameikataza kujitengenezea roketi kubwa za vita. Kwa hiyo kila roketi ya Mjerumani ilitazamwa kwa mashaka. Kayser akatafuta nchi pana, yenye watu wachache, iliyo karibu na ikweta. Akaipata kwa Raisi Mobutu. Katika miaka ya 1975 na 1976 kampuni ilipatana na serikali ya Zaire, ikapewa ruhusa ya kutumia nchi ya kilomita za mraba kama 100,000 katika kaskazini ya Shaba, mpaka mwaka 2000.

Ndugu msomaji, pima mwenyewe neno hilo. Ubelgiji nzima haifiki kilomita za mraba 31,000. Kampuni moja ilipewa nchi inayozidi Ubelgiji mara tatu, karibu sehemu moja ya tano ya Katanga yote. Na mapatano yaliweka kwamba kampuni ikitaka, watu waondolewe mahali pa kazi yake, na ya kuwa wafanyakazi wake wageni wasishtakiwe kwa sheria za nchi. Kodi kubwa nayo ilikuwa ya kungojea mpaka kampuni ianze kurusha setilaiti kwa biashara. Watu wa Manono, wa Kiambi na wa Pweto hawakukaa katika baraza lile. Nchi ya babu zao ilipimwa kwa mstari juu ya ramani, nao wakiwa mashambani kwao.

Kazi ya uwandani

Mahali palipochaguliwa ni uwanda wa juu, kati ya Manono na Pweto, unaoutazama mto Luvua ukipita chini katika bonde lenye kina. Mto huu hutoka katika ziwa Mwero penye Pweto, hukimbia kaskazini na magharibi, mpaka kujitia katika Lualaba penye Ankoro. Njia za motokaa zilikuwa taabu tupu. Kwa hiyo Wajerumani walitengeneza kiwanja cha ndege, wakaleta vitu vyao kwa ndege za mizigo. Nyumba za mbao zikasimama, pamoja na mnara wa kurushia na vyombo vya kupimia. Wenyeji walipata kazi ya kukata miti, kujenga, kubeba na kupika.

Roketi yenyewe ilikuwaje? Ilikuwa fungu la mabomba ya chuma, kila bomba lenye upana wa sentimeta 27. Ndani ya bomba moja yalikuwamo mafuta ya namna ya mazuti au petroli ya taa. Ndani ya lingine, asidi kali ya nitriki, ambayo kazi yake ni kuyawasha mafuta. Roketi za Wamarekani zilitumia pampu za ajabu kusukuma mafuta. Kayser aliziondoa zote. Alijaza bomba sehemu mbili kwa tatu tu, na sehemu iliyobaki akaitia hewa iliyobanwa. Hewa hiyo ndiyo iliyosukuma mafuta motoni. Na vifungulio vya mafuta viliendeshwa na mota ndogo za kufutia mvua kwenye vioo vya magari!

Wenzetu husema kidole kimoja hakivunji chawa. Bomba moja lisingeinua kitu. Lakini mabomba manne yakifungwa pamoja yalipaa kwa majaribio, na hesabu ya Kayser ilikuwa kwamba siku moja atafunga mabomba makumi, hata mamia, na fungu hilo litafikisha setilaiti angani kwa bei ndogo. Kuigeuza roketi njiani kulikuwa kama kuendesha mtumbwi wenye wapiga kasia wengi. Wa upande mmoja wakipunguza nguvu, mtumbwi hugeukia kwao. Vivyo hivyo mitambo ya upande mmoja ilipunguziwa mafuta, na roketi ikageuka.

Majaribio matatu

Roketi ya kwanza ilipaa katika mwezi wa 5, 1977. Ilikuwa na urefu wa meta 6 tu, nayo ilikwenda vema. Kumbuka kwamba siku hizo Shaba ilikuwa katika vita. Tangu mwezi wa 3 askari wa FNLC, wengi wao wana wa Katanga waliokimbilia Angola, walikuwa wameingia kutoka magharibi.

Roketi ya pili ilipaa tarehe 20 mwezi wa 5, 1978. Wazee wetu watashtuka wakisoma tarehe hiyo. Tarehe 13 Kolwezi ilikuwa imetekwa na FNLC. Tarehe 19 askari wa Ufaransa walishuka kwa miamvuli juu ya mji. Watu kwa mamia, wenyeji na wageni, walikufa katika siku zile. Basi, katika jimbo lilelile moja, kusini watu walikuwa wakizika maiti, na kaskazini roketi ilikuwa ikipaa juu ya Luvua. Naijua familia moja katika parokia yetu iliyopoteza baba kule Kolwezi. Hakuna mtu kati yao aliyewahi kusikia habari ya roketi ile. Hivyo ndivyo nchi yetu ilivyo pana, na hivyo ndivyo habari zake zinavyokatika vipande.

Roketi ya tatu ilirushwa tarehe 5 mwezi wa 6, 1978. Safari hii Raisi Mobutu mwenyewe alikuja kutazama pamoja na wakubwa wake. Roketi ikainuka, watu wakashangilia. Kitambo kidogo tu, ikapinda njia yake, ikageuka, ikaanguka chini na kuvunjika. Tumekwisha kuona kwamba Wamarekani na Warusi nao waliangusha roketi nyingi kabla ya kufaulu. Mtaalamu huandika kosa, hutengeneza, hurudia. Lakini Kayser hakupewa nafasi ya kurudia sana katika Zaire.

Wapiganapo tembo

Sababu haikuwa roketi kuanguka tu. Wakati ule dunia ilikuwa imegawanyika sehemu mbili, upande wa Marekani na upande wa Urusi, na Angola ilikuwa shamba la mapigano yao. Urusi na Angola zikasema kwamba kampuni ile ni kificho: eti Wajerumani wanajitengenezea silaha katika pori la Afrika. Tanzania na Zambia, jirani zetu, nazo zikaingiwa na wasiwasi. Ufaransa haikupendezwa, maana ilikuwa ikijenga pamoja na nchi za Ulaya roketi yake, Ariane. Serikali ya Ujerumani yenyewe iliona kwamba kampuni hiyo yaileta katika matata na mataifa. Silaha iliyosemwa haikuonyeshwa, lakini katika siasa shaka peke yake yatosha.

Mwezi wa 4, 1979, Mobutu akaiamuru OTRAG iache kazi. Mapatano ya mpaka mwaka 2000 yalikatika yakiwa na miaka mitatu na kitu tu. Wajerumani wakaenda zao. Kampuni ilihamia Libya, ikarusha huko mwaka 1981, na jambo hilo likaongeza mashaka ya mataifa. Katika miaka ya 1980 kampuni ikafa. Kayser aliishi mpaka 2017, akafa mbali katika visiwa vya Marshall. Haikufikisha setilaiti yoyote angani. Lakini wazo lake la kufunga mitambo mingi midogo inayofanana, na kupunguza bei kwa vyombo vya kawaida, leo wataalamu wengi hulisifu.

Tumebakiwa na nini?

Ndilo swali ninalotaka tuulize pamoja. Wageni walikuja na elimu yao katika masanduku, wakaondoka nayo katika masanduku yaleyale. Mwenyeji aliyekata miti alibaki mkata miti. Mlinzi wa mnara alibaki mlinzi, bila mnara. Methali yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji wa Luvua alipona?

Mtu atasema: ulikuwa wakati mbaya, kazi ilikatizwa. Ni kweli, na tusiwahukumu waliokwisha kufa kupita kiasi. Lakini tuwatazame Waitaliano. Kabla ya kurusha setilaiti yoyote kutoka baharini, walipeleka watu wao kujifunza kwa Wamarekani, wakarudi wakiwa wameijua kazi. Kisha tuwatazame Wakenya. Mwaka 2017 walianzisha shirika lao la mambo ya anga, na mwezi wa 4, 2023, setilaiti yao Taifa-1, ya kutazama mashamba na ardhi ya nchi, ilirushwa kutoka Marekani. Ilikuwa baada ya miaka zaidi ya hamsini tangu roketi ya kwanza ya Malindi. Wamechelewa, lakini wameanza, na wahandisi wao wanayo majina.

Nasi pia tunao waliojaribu. Jean-Patrice Keka, mhandisi Mkongo, alirusha karibu na Kinshasa, penye Menkao, roketi ndogo alizoziita Troposphère, katika miaka iliyofuata 2006. Katika mojawapo alimweka panya. Roketi ile haikufaulu, na watu wakacheka, kama walivyomcheka Nkoloso. Mimi sicheki. Nakumbuka shamba la kabichi la Goddard.

Sisi watu wa Lubumbashi twaona kila siku malori ya shaba na kobalti yakielekea Kasumbalesa. Kobalti hutiwa katika vyuma vinavyostahimili moto mkali wa mitambo ya ndege, na katika betri. Na Manono, jirani ya uwanda ule wa roketi, sasa yatajwa na dunia nzima kwa sababu ya litiamu yake. Wageni wanakuja tena na ramani na mapatano. Basi habari ya Luvua si ya kale tu. Yatufundisha kuuliza mapema maswali matatu. Kwanza: wenye ardhi wamesikilizwa? Pili: faida yaanza lini, na ikikatika kazi, nani abaki na hasara? Tatu: mtoto wetu atajifunza nini katika kazi hiyo, ili siku mgeni akiondoka elimu ibaki?

Swali la tatu ndilo kubwa kupita yote. Tsiolkovsky alikuwa mwalimu kiziwi, bila mali. Alikuwa na kalamu, karatasi na hesabu. Vitu hivyo havikosekani Lubumbashi. Mzazi anayemtaka mtoto wake ajue hesabu vizuri, na mwalimu anayesahihisha madaftari yake jioni ijapokuwa mshahara umechelewa, hao wanatayarisha safari ndefu kuliko wanavyodhani.

Dominika iliyofuata niliwaletea vijana habari hizi, nikawasomea tarehe na majina. Walisikiliza kimya. Yule aliyecheka aliinuka, akaenda kumpelekea mzee kiti chake kivulini, akamwambia: «Papa, tusamehe. Utueleze tena ile ngurumo.»

Mzee akacheka yeye sasa. Akaiweka fimbo chini, akaanza.